Anzia kwa daktari, ndipo uende hanga, banda la ndege

Swali la wiki hii: anayetaka kurusha ndege ndogo kwa kujifurahisha tu, bila nia ya kuifanya kazi, ajiungeje na wenzake? Najibu kwa kutazama Nairobi, uwanja wa Wilson, makao ya Aero Club of East Africa, klabu ya marubani iliyoanzishwa mwaka 1927.

Usianze na ada ya uanachama. Anza na cheti cha afya cha daraja la pili, kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga. Anayelipia saa kumi za mafunzo ndipo apimwe, akikutwa na kasoro ya moyo au macho, hela imeshakwenda.

Leseni ya rubani binafsi hudai saa 40 kwa kiwango cha kimataifa, 10 kati yake ukiwa peke yako, pamoja na safari moja ya kilomita 270 yenye kutua viwanja viwili vingine. Panga bajeti ya saa zaidi. Anayeruka mara moja kwa mwezi humaliza nusu ya somo akikumbuka lililopita. Mara mbili kwa wiki ndiyo mwendo mzuri. Bei nayo iulize vizuri: saa hiyo ina mafuta ndani yake? Inahesabiwa tangu injini kuwaka, au tangu ndege kuacha ardhi? Wilson kuna foleni ya kuruka, na injini inakunywa mafuta hapo hapo.

Faida kubwa ya klabu ni watu wanaoijua hewa ya pale. Wilson iko takriban futi 5,500 juu ya bahari. Mchana wa nyuzi 26 hewa huwa nyembamba, ndege huhisi kama iko futi 8,000, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza karibu robo ya nguvu zake. Kwa hiyo mafuta hupunguzwa kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa kabla ya kuruka. Ukiacha mengi, injini hukosa nguvu na plagi hushika masizi. Aliyejifunzia Malindi, usawa wa bahari, ana mtego mwingine: katika hewa nyembamba ndege huenda kasi zaidi kwa kipimo kilekile, hivyo akija kutua huona ardhi inakimbia kuliko alivyozoea, anapunguza mwendo, na bawa linaishiwa uwezo wa kubeba. Aamini kipima mwendo, si macho yake.

Mgeni hupokewa upesi akifika asubuhi na kusaidia. Sukuma ndege kwa mtaimbo wake wa kuvutia, kamwe usiguse usukani wa mkia. Kinga mafuta kidogo kwenye chupa angavu kutoka chini ya kila tangi: maji ni mazito, hutuama. Avgasi ya 100LL, petroli ya ndege ndogo, ni ya buluu. Chupa ikiwa safi, haina mstari wa kutenga maji na mafuta wala povu, lakini haina ubuluu, usishangilie: huenda yote ni maji.