Mwache Mwenzako Akujazie Magazini

Kila msimu wa kuhuisha cheti cha silaha hapa Nairobi, nakutana na wenye bastola ambao shabaha yao si mbaya hata kidogo. Waulize tu: ukivuta triga ikalia "tak", halafu kimya, utafanya nini? Wengi huikodolea bastola macho. Utulivu haupatikani kwa kujiambia utulie. Unakuja mikono ikishajua kazi yake.

Zoezi ninalolithamini kuliko yote ni hili. Mkiwa renji, uwanja wa kulengea shabaha, mpe mwenzako magazini, kile kikasha cha risasi, akujazie yeye, achanganye risasi bandia mbili tatu na za kweli, asikwambie zimekaa wapi. Bandia haina baruti. Unafyatua, inalia, unafyatua tena, tak. Toa kidole kwenye triga, piga kitako cha magazini kwa kiganja, koki kwa nguvu (vuta slaidi, sehemu ya juu ya bastola inayoteleza, nyuma kisha uiachie), lenga upya. Mtutu usiondoke upande wa shabaha. Na utaona kitu kingine: bandia inapogoma, mdomo wa bastola unainama wenyewe, kwa sababu mwili ulikuwa unausubiri mlio. Mkufunzi anaweza kukuambia hilo mwaka mzima usimwamini.

Ganda la risasi likikwama wima kwenye tundu la kutolea maganda, dawa ni hiyohiyo. Shida ni risasi mbili zikigombania chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Hapo kupiga na kukoki kunazidi kuzikaza. Vuta slaidi uikaze ibaki nyuma, ng'oa magazini, koki mara mbili tatu mpaka chemba iwe tupu, pachika magazini nyingine, koki. Fanya polepole huku ukitaja kila hatua kwa sauti. Ukiizoea ndipo uongeze presha. Mwenzangu husimama nyuma akinipigia kelele kama makanga wa Rongai saa kumi na mbili jioni.

Ila ukisikia mlio hafifu, "puf", usikoki kamwe. Huenda risasi imebaki ndani ya mtutu, na ya pili itaupasua. Simamisha kila kitu, ita mkufunzi. Na nje ya zoezi, risasi ya kweli ikigoma renji, elekeza mtutu kwenye shabaha kwa sekunde 30 kabla ya kuitoa. Inaweza kulipuka kwa kuchelewa.

Nyumbani tumia bandia peke yake. Za kweli zina bei, na cheti kinataja idadi unayoruhusiwa. Zifungie chumba kingine, kisha kagua chemba kwa macho na kwa kidole, watoto wakiwa mbali.

Magazini inayogoma mara kwa mara itie alama ya rangi. Mara nyingi springi imechoka au midomo ya magazini imepinda. Zangu zenye alama ni za mazoezi tu, hazitoki na mimi barabarani.