Maswali ya Wasomaji: Nimwite Bi., Daktari au Profesa?

SWALI: Nasoma mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja jijini Dodoma. Niliwaandikia wahadhiri wawili barua pepe moja, nikamwita wa kiume "Dkt." na wa kike, ambaye ndiye msimamizi wa utafiti wangu, "Bi." Baadaye nikajua kwamba wote wawili wana shahada ya uzamivu. Je, nilimkosea? Na Profesa Mshiriki huitwaje?

JIBU: Ulimkosea, ingawa hukukusudia. Mwanamke mwenye shahada ya uzamivu anapoitwa "Bi." katika barua ileile ambayo mwenzake ameitwa "Dkt.", kila anayeisoma huona kwamba elimu ya mmoja imehesabiwa na ya mwingine imeachwa, na jambo hili huwapata wahadhiri wa kike mara nyingi mno. Mwombe radhi kwa sentensi moja, bila maelezo marefu, kisha uendelee na shughuli ya utafiti.

Mhadhiri na Mhadhiri Mwandamizi ni vyeo vya ajira ambavyo kwa kawaida havitangulizwi mbele ya jina, kinachotangulizwa ni "Dkt.", ikiwa mhusika amehitimu uzamivu. Profesa Mshiriki huitwa "Profesa" sawa na profesa kamili, na neno "Mshiriki" huliacha chini ya sahihi yake. Katika vyuo vya tiba, mhadhiri ambaye ni tabibu huitwa "Dkt." kwa taaluma yake, hata kama hana uzamivu.

Linalonisumbua zaidi ni mazoea ya kumwita kila anayefundisha "Dokta", akiwemo Mhadhiri Msaidizi ambaye bado anasomea uzamivu, kwa kudhani kwamba kumzidishia mtu cheo ni adabu. Humletea mashaka, kwa kuwa akinyamaza ataonekana amejitwalia kisicho chake, na akisahihisha itambidi afanye hivyo mbele ya darasa zima. Huyo mwite "Mwalimu". Neno hili halimpunguzii mtu heshima: Julius Nyerere, aliyekuwa Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzishwa rasmi mwaka 1970, aliitwa hivyo hata alipokuwa Rais.

Ana kwa ana, "Shikamoo, Profesa" yatosha kwa aliyekuzidi umri. Katika barua, andika cheo na jina la ukoo, na ukiwa na shaka, muulize karani wa idara kabla hujaituma.