Usimwache Paka Wako Sokoni Kibuye

Wiki iliyopita dada mmoja msomaji aliniandikia kutoka Nyalenda. Amepata kazi Doha, anasafiri mwezi ujao, na ana paka ambaye hakuna ndugu anayemtaka. Akaniuliza: "Nikimwacha Kibuye, upande wa samaki, si atapata cha kula? Pale mabaki hayaishi."

Nilimjibu siku hiyo hiyo, lakini haya mambo hayatoshi kwenye ujumbe wa simu, na najua hayuko peke yake. Hapa Kisumu wako watu wanaowapenda paka wao kwa dhati, ila siku ya kuhama mnyama anatiwa guniani, anapakiwa bodaboda, anamwagwa sokoni, na mwenyewe anajifariji kwamba hatakosa omena.

Omena zipo, ni kweli. Lakini paka wa nyumbani akishushwa sokoni anakuta wenyeji, na paka wenyeji hawana ukarimu. Watampiga. Atajichimbia chini ya vibanda, na kwa ile hofu anaweza kushinda siku kadhaa bila kugusa chakula hata kichwa cha sangara kikiwa mbele yake. Paka asipokula siku chache tu, ini lake huanza kuharibika. Akipata nguvu atajaribu kurudi kwenu, na barabara za huku mnazijua.

Mimi nimefuga paka hapa Migosi kwa muda mrefu, na aliyenifunza mengi ni Makaa. Nilimpata ufukweni Dunga kwa mama mmoja muuza samaki, akiwa mdogo, mweusi tii. Ninyi wa upande huu mnajua paka mweusi anavyozungumzwa. Jirani alinifuata hadi mlangoni akaniambia nimwondoe, eti mnyama wa rangi hiyo hufugwa na wanaokimbia usiku, wale wachawi. Maneno hayo yaliniuma, na yananiuma hadi leo, maana huyo jirani tulikuwa tukisaidiana hata chumvi. Tangu siku hiyo Makaa alilala ndani. Jua likianza kuzama namwita, anakula, nafunga mlango. Paka anayezurura usiku anaweza kupotea, kwa hiyo nasema tena: alale ndani, awe mweusi, awe mweupe.

Hata hivyo sumu ilimfikia mchana. Mtu kwenye ploti ya nyuma alikuwa ameweka sumu ya panya, ile inayoua polepole. Panya akiila hafi papo hapo. Anazungukazunguka amelegea, na paka gani atamwacha panya wa namna hiyo? Sumu ile huzuia damu kuganda. Makaa alianza kutokwa damu kwenye fizi, akawa mnyonge hata kuruka kitandani hawezi. Daktari wa mifugo alimpa vitamini K, nami nikaendelea kumpa kwa wiki kadhaa. Alipona. Ukiona dalili hizo usingoje kesho, na maziwa hayaondoi sumu hata mkibishana nami. Panadol nayo usithubutu kumpa. Mwili wa paka hauwezi kuivunja, na kidonge kimoja kinatosha kumuua. Dawa ya viroboto iliyoandikiwa mbwa pia iache kwa mbwa, kwani nyingine zina permethrin, ambayo kwa paka ni sumu.

Baadaye Makaa alizaa watoto wanne. Hapo ndipo nilipojua kwamba kumtoa mnyama ni kazi, na kazi hiyo nilijitahidi kuifanya vizuri. Sikumpa mtu yeyote mtoto kabla hajatimiza wiki nane, na wawili walikaa na mama yao hadi wiki kumi na mbili, umri ambao pia wanaweza kuchanjwa kichaa cha mbwa. Chanjo hiyo msiipuuze. Kaunti yetu ilikuwa miongoni mwa zile za kwanza kuchaguliwa katika mpango wa taifa wa kuumaliza ugonjwa huo ifikapo 2030, na paka aliyeumwa na mbwa mgonjwa anaweza kukuletea kifo nyumbani.

Mmoja alichukuliwa na bwana mwenye gari kubwa na maneno matamu. Nyumba yake niliiona, ua wenye geti, watoto wachangamfu. Miezi michache baadaye walihamia Kakamega wakamwacha amefungiwa ndani ya ua ule. Mlinzi wa jirani ndiye aliyenipigia. Nilimkuta amekonda, mifupa mitupu. Yule bwana nilipompigia alisema, "Lakini huyo ni paka tu." Nimejaribu kumsamehe, bado sijaweza.

Yule mtoto mdogo kuliko wote nikamtafutia nyumba kwa mama anayeuza mahindi na maharagwe, mwenye stoo yenye panya wa kutosha. Swali langu la kwanza lilikuwa hili: mama, unaweka sumu? Akasema anaweka. Nikamweleza kisa cha Makaa, nikamwambia achague, sumu au paka. Alifagia stoo mbele yangu, akatoa hata vile vidonge vya kufukizia nafaka. Huyo ndiye mtu wa kumpa mnyama. Na ninyi mnaotafutiwa paka wa panya, jibuni swali hilo kwa ukweli.

Kwa hiyo nenda ukaione nyumba. Uliza sumu. Uliza watahamia wapi na paka atakwenda na nani. Kubalianeni kwamba wakishindwa anarudi kwako, au kwa mtu uliyemtaja kama wewe uko ng'ambo. Msafirishe kwenye katoni yenye matundu au kikapu kinachofungika, achana na gunia. Mpeleke na kitambaa alichozoea kulalia, na huko wamweke chumba kimoja na beseni la mchanga kwa wiki mbili hivi kabla ya kumtoa nje, la sivyo atatoroka kutafuta kwenu. Halafu nenda ukaione nyumba tena.

Jambo ambalo watu wanalikwepa ni kufunga kizazi. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, anaibeba kama wiki tisa, na anaweza kushika nyingine akiwa bado ananyonyesha. Nani atatafuta nyumba ngapi? Mnasema ni ghali, lakini mnachangia harusi za watu msiowajua. Hapa kwenye ploti yetu tulichanga, tukamwita daktari mmoja kwa ajili ya paka wote kwa pamoja, akatupunguzia bei. Makaa alikuwa wa kwanza, na yule jirani aliyemwogopa alileta wake wawili.