Kabla Hujapokea Daftari la Usalama wa Mtaa

Nilichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya usalama nikiwa kwenye foleni ya maji. Ilikuwa Jumapili, bomba lilikuwa limekauka tangu Alhamisi, na yule jamaa wa mkokoteni alifika wakati uleule mkutano wa wakazi ulipokuwa unaanza getini. Niliporudi na mitungi yangu miwili, jirani wa ghorofa ya chini akanipokea kwa kicheko: "Hongera, cheamani." Nilidhani ananitania. Jioni nikaletewa daftari lililolowa chai, funguo tisa zilizofungwa kwa kamba ya kiatu, na deni la miezi miwili la mshahara wa soja, mlinzi wetu wa geti.

Kiti hicho nilikikalia miaka sita, huku kwetu Eastlands, Nairobi, karibu na barabara ya Outering. Tangu nikiache, haupiti mwezi kabla sijapigiwa simu na mtu wa Kayole au Donholm au Zimmerman aliyebambikwa kazi kama mimi. Swali ni lilelile: naanzia wapi? Nayaandika hapa nisichoke kuyarudia.

Anza kwa kujua wewe ni nani na si nani. Kamati yako ni sehemu ya Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulinda mtaa wao kwa kushirikiana na polisi. Ni wazo tulilolichukua Tanzania, ambako mabalozi wa nyumba kumi walikuwepo tangu enzi za TANU. Kwetu lilishika kasi baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, serikali ilipotaka kila mtu amjue jirani yake. Nayo sheria ya Huduma ya Polisi ya Taifa ya mwaka 2011 inatambua ushirikiano wa polisi na jamii. Hayo yote hayakufanyi askari. Huna bunduki, huna pingu, huna mshahara. Chifu atakuita, mkuu wa kituo atakuita, landilodi atakuita, na hakuna hata mmoja atakayekurudishia nauli. Ulicho nacho ni kwamba watu wanakuambia mambo. Hicho ndicho kilicho hatari, na hapo ndipo nilipokosea vibaya kuliko popote.

Ulikuwa mwaka wangu wa tatu. Ndani ya wiki mbili tulikuwa tumeibiwa mitungi miwili ya gesi, laptopu moja, betri ya pikipiki na nguo zisizohesabika kambani. Watu walikuwa wamechemka. Alfajiri moja kamera ya duka la kona ikanasa kijana amevaa kofia ya sweta, mkoba mgongoni, anapita haraka saa kumi na nusu. Mwenye duka akanitumia picha. Nami, kwa kutaka kuonekana ninafanya kazi, nikaiweka kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa na kuandika: "Anayemjua huyu aseme."

Dakika kumi hazikuisha kabla ya jina kutajwa. Aliyefuata akataja ploti. Mwingine akatuma sauti akidai amewahi kumwona na betri. Yule aliyeibiwa laptopu akaandika kwamba safari hii polisi hawana haja ya kuja. Niliyasoma hayo saa kumi na mbili jioni nikiwa ndani ya matatu, foleni imesimama kabisa Mutindwa, ndipo mama mboga wetu akanipigia: "Baba, njoo mbio, wanataka kumchoma mtoto wa watu."

Nilishuka nikakimbia. Nilikuta watu kama arobaini mbele ya ploti, na kijana mmoja ninayemfahamu, baba wa watoto wawili, mtu wa kanisa, amebeba tairi. Mama mboga alikuwa ameweka kigoda chake mlangoni pa ile nyumba akakikalia. Hakupiga kelele. Alikuwa akichambua sukuma. Yeyote aliyetaka kuingia ilibidi amsukume yeye kwanza, na yeye ndiye aliyekuwa akiwakopesha wote mboga tangu Januari. Alikaa hivyo hadi gari la polisi lilipofika.

Yule kijana wa kwenye picha alikuwa ameanza kazi soko la Marikiti wiki hiyo, kubeba magunia ya viazi. Lazima ufike kabla ya malori kushushwa. Ndani ya mkoba kulikuwa na gambuti. Polisi walimchukua kwa ajili ya usalama wake, wakaandika, asubuhi wakamwachilia. Mwisho wa mwezi mama yake alihama. Nilikwenda kuomba msamaha nikamkuta anafunga godoro kwenye mkokoteni. Alinisikiliza hadi nikamaliza, akaniambia: "Wewe ndiye uliyeuliza."

Kwa hiyo ukipokea lile daftari, sheria yako ya kwanza iwe hii: picha ya mtu haiingii kwenye kikundi, jina la mtu haliingii kwenye kikundi. Picha inakwenda kwa aliyeibiwa, kwa mtu mmoja wa kamati na kituoni. Kwenye kikundi andika kilichotokea, mahali, saa, na watu wafanye nini. "Leo kati ya saa moja na saa mbili usiku mtu amepigwa ngeta kwenye njia ya nyuma ya shule. Pitieni barabara ya lami." Ngeta ni kukabwa shingo na kuibiwa. Basi. Hakuna kabila humo, hakuna "wale wa ploti fulani". Anayeanza hayo, mwondoe kwanza, mtazungumza baadaye. Atanuna. Mwache anune. Eastlands tumezika vijana ambao majina yao yalizunguka kwenye simu kabla ya risasi kuwafikia. Kwa sababu hiyohiyo, ukiombwa na yeyote upeleke orodha ya "vijana wabaya" kimyakimya, kataa kwa adabu. Una ushahidi wa tukio, peleka ushahidi wa tukio.

Watu watakuuliza, je, tukimkamata mwizi akiiba? Sheria inamruhusu raia kumkamata mtu anayemwona akitenda kosa kubwa, lakini inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Nao polisi, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, wanatakiwa kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya korti ikiwa saa hizo zimeangukia wikendi. Mliyoyatunga nyinyi wenyewe ya kumvua nguo na "kumfunza adabu kidogo" hayamo popote. Hiyo "kidogo" huwa haina kipimo.

Nikija kwa polisi wenyewe: watu wengi wanaibiwa, wanalalamika, wanalala. Ukiwauliza kama walipiga ripoti, watakuambia haina haja, hawatafanya chochote. Labda. Lakini tukio lisiloandikwa kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, kituoni halikutokea. Nilipiga mstari kwenye daftari langu, upande mmoja tukio, upande mwingine namba ya OB, na nikawa nasindikiza watu kituoni mimi mwenyewe, hasa wanawake, kwa sababu mtu anayekwenda peke yake hurudishwa na maneno mawili. Mwezi mmoja tulikuwa na namba kumi na moja, nyingi za njia ileile, saa zilezile. Nilizipeleka kwa mkuu wa kituo zikiwa kwenye karatasi moja. Sikuhutubu. Aliisoma, akauliza njia hiyo iko wapi, na wiki hiyo doria ikaanza kupita pale jioni badala ya saa sita usiku, wakati wezi wameshalala.

Namba za dharura ni 999 na 112, na ziandikwe getini kwa rangi, si kwa kalamu. Pata pia simu ya meza ya zamu ya kituo chenu, uijaribu mchana kabla hujaihitaji usiku. Na kama malalamiko ni dhidi ya askari, usibishane naye barabarani saa tano usiku. Andika namba ya gari na saa, kisha peleka jambo IPOA, mamlaka ya kusimamia utendakazi wa polisi.

Taa. Kama una nguvu ya kufanya jambo moja tu mwaka mzima, iwe taa. Mlingoti wa mulika mwizi wa kwetu ulizimika tukaandika barua, tukafuatilia, tukaandika tena, miezi minne. Wakati tukingoja niligundua kitu ambacho sikukisoma popote: ngeta ilikuwa ikianza saa mbili na robo, dakika chache baada ya mama mboga kufunga kibanda chake cha kona na kuzima taa. Kamati ikachanga ikamnunulia taa ya sola, tukamwomba afunge saa nne, na tukamwongezea mteja kwa kumwambia kila mtu anunue kwake jioni. Ngeta ikahama kona ile. Haikuisha, ilihama, ila kwa binti anayeshuka matatu saa tatu akitoka kazini hilo si jambo dogo. Stima ikipotea mtaa mzima, ripoti Kenya Power kwa 97771, na waambie watu kumi waripoti, si wewe peke yako.

Sasa mageti. Sisi Wanairobi tunapenda geti. Tukiibiwa tunaweka geti, tukiibiwa tena tunaweka la pili. Usiku mmoja jirani alishikwa na uchungu wa uzazi, teksi iko nje, geti limefungwa, ufunguo ninao mimi, na mimi niko Machakos kwenye matanga. Soja aliruka ukuta akaenda kutafuta nyundo. Mtoto alizaliwa salama hospitalini, ila sikulala vizuri wiki nzima. Ufunguo wa geti uwe na nakala tatu au zaidi, mmoja ukae kwa soja, na wote wajue nyingine ziko kwa nani.

Kuna na moto. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 gesi ililipuka Embakasi, eneo la Mradi, watu wakafa na mamia wakajeruhiwa, kwenye kituo ambacho mamlaka ya nishati ilisema maombi yake ya ujenzi ilikuwa imeyakataa mwaka 2023. Tangu hapo nilianza kuuliza maswali ambayo awali niliona si ya kamati ya usalama: nani anajaza gesi kwenye kontena pale nyuma? Lile jengo lenye ufa, wapangaji wanajua? Huruma mwaka 2016 jengo la ghorofa lilianguka usiku wa mvua, wakafa takriban watu 50. Mwizi huchukua televisheni. Kwa hiyo jaribu hivi: bauza ya maji ikija, itazame inavyopita. Ikipita na kugeuka bila vibanda kuhamishwa, gari la zimamoto litapita. Kwetu haikupita. Kumshawishi kinyozi asogeze kontena lake mita mbili kulinichukua muda mrefu kuliko ile barua ya mulika mwizi, na bado hanisalimii.

Kuhusu pesa nitasema haraka kwa sababu kila mtu anajua na hakuna anayefanya. Mchango usiingie kwenye simu yako. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu, na kila mwisho wa mwezi bandika getini: zimeingia ngapi, soja kalipwa ngapi, zimebaki ngapi. Orodha ya wasiolipa usiibandike. Nilikuta desturi hiyo nikaiondoa baada ya kujua kwamba mmoja wa "wadaiwa sugu" alikuwa amefutwa kazi na hajamwambia hata mkewe. Na mlipeni soja kwa wakati. Soja mwenye njaa anajua nani hayuko nyumbani.

Kamati niliyoikuta ilikuwa ya wazee saba. Ongeza mama wawili na angalau kijana mmoja kutoka pale bezi wanapokaa, hata kama watu watasema umeweka fisi kulinda bucha. Vijana wanajua nani mgeni, nani anauza nini, pikipiki gani haina namba. Tena wakiwa ndani ya chumba, wazee huacha kuwazungumzia kama mvua ya mawe.

Halafu kuna mlango utakaogongwa ambao hukuutarajia. Miaka sita, kati ya waliokuja usiku wa manane, walioibiwa walikuwa wachache. Wengi walikuwa wanawake waliopigwa, na mara mbili mtoto. Usiende kusuluhisha ukiwa peke yako na usiwaambie "mrudi mkalale, kesho tutaongea". Mwanamke apelekwe hospitali kwanza, halafu kituoni, na kuna 1195 kwa dhuluma za kijinsia na 116 kwa watoto, zote bila malipo. Mke wangu alijifunza namba hizo kabla yangu, kwani yeye ndiye aliyekuwa akifungua mlango. Mwombe mwenzako ruhusa kabla hujakubali kiti. Mimi sikumwomba, na kwa miaka sita chajio chetu kilikuwa cha mtaa mzima.

Nilimkabidhi mwenzangu mwaka jana, mwalimu wa chekechea, mama makini kuliko mimi. Tuliketi sebuleni tukapitia daftari ukurasa kwa ukurasa. Alipofika kwenye ule mwezi wa picha, akauliza mbona mistari ni mitupu. Nikamwambia. Alinyamaza, akachukua kalamu, akaandika tarehe na neno "Marikiti", akafungua ukurasa mwingine. Kisha tukahesabu funguo. Nane tulijua zinafungua nini. Wa tisa nilikuwa nimeujaribu kwenye kila kufuli la mtaa kwa miaka sita. Nilimpa pia.