Ualimu wa elimu maalumu Ujerumani: moyo unao, sasa chukua daftari

Kila mwaka msimu wa kuomba vyuo ukikaribia napata meseji za aina moja. "Dada, nina moyo wa kusaidia watoto wenye ulemavu, nataka kuja kusomea ualimu wao huko Ujerumani. Nianzie wapi?" Moyo wa kusaidia ni jambo jema, sina ugomvi nao. Ila na mimi nilikuja nao, na mwaka wa kwanza tu niliambiwa niuweke mfukoni, nichukue daftari. Sasa nimebakiza miezi michache nimalize mafunzo ya kazini, kwa hiyo ngoja niseme yale ambayo ningependa kuambiwa siku niliyoshuka Frankfurt na makoti mawili ya mtumba.

Kwanza, hakuna kitu kinachoitwa "ualimu wa Ujerumani". Kuna majimbo 16, na shule ni mambo ya jimbo. Nilikosoma mimi, Nordrhein-Westfalen (kwa kifupi NRW), unasoma shahada ya kwanza mihula 6, ya uzamili mihula 4, kisha miezi 18 ya Referendariat, yaani mafunzo ya kazini yenye mshahara na mitihani. Bila hiyo Referendariat hujawa mwalimu kamili, hata uwe na vyeti vya kujaza begi. Bayern njia ni mtihani wa serikali, Staatsexamen, na Referendariat yao ni miaka 2. Baden-Württemberg walimu hawa husomeshwa kwenye vyuo vya ualimu vyenye hadhi ya chuo kikuu, vya Heidelberg, Ludwigsburg na Freiburg, na wewe uliyetoka nje ya Umoja wa Ulaya utalipa euro 1,500 kila muhula, wakati vyuo vya umma vya majimbo mengi vinakutoza mchango wa muhula tu. Kwa hiyo chagua jimbo kwanza, chuo kitafuata. Nina mwenzangu aliyehama jimbo katikati ya safari kwa sababu ya mchumba. Masomo yake kadhaa hayakutambuliwa, akapoteza mwaka mzima. Mchumba naye hakudumu, lakini hayo si ya kuandika hapa.

Pili, hutasomea "watoto wenye mahitaji maalumu" wote kwa pamoja. Wajerumani wamegawa maeneo saba: kujifunza, lugha, hisia na mahusiano, akili, mwili na mwendo, kusikia, na kuona. Kwa kawaida unachukua mawili, pamoja na masomo ya kufundishia kama hisabati au Kijerumani. Si kila chuo kina yote. Ndani ya jimbo letu anayetaka kufundisha viziwi huelekea Köln, anayetaka wasioona huelekea Dortmund. Mimi nilichukua akili na lugha. Nilikuwa nimetumia mwaka wangu wa kujitolea kwenye nyumba ya watu wazima wenye ulemavu wa akili, nikilisha, nikiogesha na kucheza karata, na Kijerumani changu cha kwanza nilifundishwa na wao, siyo kitabu. Kama huna haraka, mwaka wa kujitolea naupendekeza kwa mikono miwili. Utajua mapema kama kazi hii unaipenda au unapenda tu wazo lake.

Ya fedha na vibali nitayapita haraka, maana hubadilika. Kwa viwango vya sasa visa ya masomo inadai uoneshe euro 11,904 za mwaka kwenye akaunti maalumu ambayo hutoi zaidi ya euro 992 kwa mwezi. Cheti chako cha sekondari huenda kikakupeleka kwanza Studienkolleg, mwaka mmoja wa maandalizi. Lugha inapimwa kwa DSH au TestDaF, mitihani ya Kijerumani ya kuingilia chuo, na kwa ualimu vyuo vingine vinataka kiwango cha juu kuliko wanachodai kwa uhandisi. Usibishane nao. Mhandisi anaongea na mashine, wewe utaongea na mama anayelia kwa lafudhi ya kijijini.

Sasa nirudi kwenye daftari.

Mtoto wa kwanza niliyepewa kumwangalia nitamwita Emil. Miaka tisa, hasemi. Darasani walikuwa watoto kumi, mwalimu, mtaalamu mwenzake, na wasaidizi wawili wanaoambatana na mtoto mmoja mmoja. Ilikuwa ile tunayoiita BTP vyuoni kwetu, mazoezi ya kufundisha, lakini tofauti na BTP sikuruhusiwa kufundisha. Kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni wiki mbili na kuandika. Siku ya tatu niliandika, kwa Kijerumani cha kujivunia: "Emil ni mkorofi asubuhi. Anapiga meza ili watu wamwangalie." Mhadhiri alinirudishia karatasi ikiwa na wino mwekundu pembeni: Woher wissen Sie das? Umejuaje? Na chini yake: Uliona nini?

Nilikasirika, siwafichi. Si nimeona anapiga meza! Usiku nikaisoma tena. "Anapiga meza" ndiyo niliyoiona. "Mkorofi" nilikuja nayo kutoka nyumbani, na "ili watu wamwangalie" nilitunga mwenyewe. Wiki ya pili nikachora jedwali la safu nne: saa, kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Ikaonekana kwamba siku nne kati ya tano alipiga meza ikiwa saa nne kasoro dakika kumi. Saa hiyo darasa la jirani lilikuwa linatoka kwenda uwanjani, na viatu vyao vinasikika koridoni. Siku ambayo hakupiga, darasa la jirani lilikuwa limekwenda kuogelea.

Mwalimu wake akamwekea mezani kadi yenye picha ya mlango, zile picha za METACOM utakazozikuta shule nyingi huku. Msidhani ulikuwa muujiza. Siku mbili Emil aliishika kadi akaelekea nje, siku ya tatu aliitafuna kona. Lakini kwenye ripoti yangu neno "mkorofi" lilikuwa limekwishatoka.

Kuna waliokuja na uzoefu mkubwa wa kufundisha nyumbani na wakashindwa hapa tu. Sisi tumezoea mwalimu ndiye anayejua; mwalimu akisema mtoto ni mzito, mtoto ni mzito. Huku muhula mzima utafundishwa kutenganisha ulichokiona na ulichokifikiria, na utachoka, na utaona wanakuonea.

Mimi niliacha kuona hivyo baada ya safari ya Hadamar. Ni mji mdogo Hessen, na vyuo vingi hupeleka wanafunzi wa fani hii pale. Sheria ya Wanazi ya Julai 1933 ilikuwa tayari imeruhusu watu kufungwa uzazi kwa nguvu, wakiwemo watoto wa shule ambazo leo zingeitwa za elimu maalumu, na walimu ndio walioandika taarifa zao. Mwaka 1940 na 1941 wakaja na mpango unaojulikana kama T4, uliotumia vyumba vya gesi sita sehemu mbalimbali kuua watu zaidi ya 70,000 wenye ulemavu na maradhi ya akili. Hadamar peke yake waliuawa zaidi ya 10,000 kati ya Januari na Agosti 1941. Chumba kiko chini ya jengo, kidogo kuliko darasa la chekechea, sakafu yake vigae vya kawaida tu kama vya bafu. Lakini kilichonikaa ni fomu. Kila mgonjwa alijaziwa karatasi: ana ugonjwa gani, anaweza kufanya kazi gani. Madaktari waliokuwa wanaamua hawakuwaona wagonjwa. Walisoma karatasi, wakaweka alama kwenye kisanduku: kujumlisha kwa rangi nyekundu maana yake afe, kutoa kwa rangi ya bluu maana yake aishi.

Kwenye basi la kurudi hakuna aliyeongea mpaka Limburg.

Suala la maneno nalo mtakutana nalo mapema. Huku shule zilizoitwa Hilfsschule, shule za msaada, zikaja kuitwa Sonderschule, shule maalumu, sasa ni Förderschule, shule za kuendeleza, na kila jina lilipochafuka walibadilisha. Mjerumani akikuuliza kwenu mnasemaje, usione haya kueleza ngeli. Kiswahili kiliwaweka kipofu, kiziwi na kilema kwenye ki-vi, pamoja na kiti na kijiko, ndiyo maana tunahamia "asiyeona" na "mtu mwenye ulemavu". Darasa langu lilifurahi sana kwa mfano huo, profesa akaniomba niuandike ubaoni. Lakini wameze na upande wa pili: viziwi wa Tanzania chama chao kinaitwa CHAVITA, Chama cha Viziwi, na neno lao hawajalitupa. Viziwi wa Ujerumani nao hujiita gehörlos, wasiosikia, ila ukiwaita taubstumm, viziwi-bubu, umewatukana. Wana lugha, Lugha ya Alama ya Kijerumani, iliyotambuliwa kisheria mwaka 2002. Kanuni yangu ni ndogo: muulize mwenyewe anataka aitweje.

Kalamu yako itakuwa na uzito wa kweli utakapofika kwenye Gutachten, ripoti ya kitaalamu juu ya mtoto. Kwetu NRW, mtoto akidhaniwa ana mahitaji maalumu, mwalimu wa elimu maalumu na mwalimu wa shule ya kawaida huandika ripoti pamoja, na mamlaka ya shule huamua kwa kuitumia ripoti hiyo. Nikiwa kwenye muhula wa vitendo, miezi kama mitano ndani ya shule, nilikaa pembeni mtoto wa miaka saba akipimwa msamiati. Familia yake imetoka Goma, nyumbani wanaongea Kiswahili cha Kivu. Akaoneshwa picha ya kile chombo cha mbao ambacho watoto huteleza nacho kwenye theluji. Akaitazama kwa makini, akasema taratibu: "Mutumbwi." Kwenye fomu, kosa. Mimi nilicheka moyoni, kisha nikaacha kucheka, maana mwaka wangu wa kwanza hata mimi nisingejua kile kitu kinaitwaje kwa Kijerumani.

Niliomba ruhusa, nikamsemesha Kiswahili. Akanihadithia ziwa, mitumbwi, na mjomba anayevua sambaza, sentensi ndefu zenye mwanzo na mwisho. Haikuwa jukumu langu kutafsiri, na shule ilinikumbusha hilo kwa upole. Lakini mwalimu aliyekuwa akiandika alinisikiliza, akaomba apimwe tena kwa SON-R, kipimo kisichohitaji maneno, ambacho asili yake ni Uholanzi na kilitungwa kwa ajili ya watoto viziwi. Ni jambo linalojulikana huku kwamba watoto wa wahamiaji wamepelekwa mno kwenye shule za eneo la "kujifunza" kwa sababu tu lugha yao haikueleweka. Wewe unayejua ilivyo kuonekana mjinga kwa siku nzima kwa kukosa neno moja, hapo utaona kitu ambacho mwenzako wa Kijerumani anakisoma vitabuni.

Mtaulizwa sana juu ya elimu jumuishi. Ujerumani iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, mwaka uleule na Tanzania, na bado zaidi ya nusu ya watoto wenye mahitaji maalumu huku wanasoma kwenye shule za peke yao. Usije na mahubiri ya upande wowote. Fanya mafunzo yako sehemu zote mbili. Kwenye shule jumuishi utakuwa mwalimu wa kuzunguka na begi, saa mbili darasa hili, saa tatu lile, na wenzako watakutumia kumtoa nje mtoto anayepiga kelele. Kataa mapema na kwa adabu. Na kwenye chumba cha walimu usikae kiti chochote wala kushika kikombe chochote kabla hujauliza. Natania nusu tu.

Referendariat itakunyima usingizi. Wakufunzi wanakuja darasani kukutazama, na kila ujio unataka andalio la somo lenye kurasa nyingi kwa kipindi kimoja, pamoja na lengo la kila mtoto kwa jina lake. Sisi tuliolelewa na azimio la kazi na andalio la ukurasa mmoja tunashangaa. Mimi hapa ninapoandika nina andalio la Alhamisi, watoto tisa, wanane wameshapata malengo yao. Wa tisa nimeandika na kufuta tangu Jumapili, kwa sababu bado sijaona vya kutosha.

Ukishahitimu, kazi ipo. Walimu hawa wanatafutwa kila kona. Ila kuwa mtumishi wa serikali kamili, Beamter, kwa kawaida kunataka uraia wa Ujerumani au wa nchi ya Umoja wa Ulaya. Bila huo unaajiriwa kwa mkataba wa kawaida, kazi ileile, na mwisho wa mwezi unabaki na kidogo kuliko mwenzako. Mkenya anaweza kushika pasi mbili. Sisi Watanzania bado uraia pacha haturuhusiwi, kwa hiyo hilo lifikirie ukiwa umekaa chini, na wazazi wakiwepo.

La mwisho ni dogo, lakini liliniumiza. Kabla hujakanyaga darasa lolote utaombwa cheti cha polisi kilichopanuliwa, hicho ni rahisi, unakiomba manispaa. Halafu utaombwa uthibitisho wa chanjo ya surua. Tangu Machi 2020 ni sheria, na bila karatasi hiyo huingii shuleni. Niliwaonesha kovu langu la begani, wakaniambia hilo ni la chanjo ya kifua kikuu. Mama alipekua sanduku zima Korogwe, kadi ya kliniki haikuonekana, mpaka nikapimwa damu kuthibitisha kinga, na wiki ya kwanza ya mafunzo ikaondoka hivyohivyo wenzangu wakiwa darasani. Kwa hiyo kabla ya uni-assist, wale wanaopokea maombi ya vyuo, kabla ya ubalozi, mpigie mama leo. Mwulize kadi ya kliniki iko wapi.