Kichwa mara tano mfululizo, je, ya sita ni mwenge?

Ndugu, nimekuelewa: umerusha sarafu, kichwa kimetoka mara tano mfululizo, na sasa unaona zamu ya mwenge imefika. Haijafika. Sarafu haina kumbukumbu. Ya sita ni nusu kwa nusu kama ya kwanza.

Kinachokuchanganya ni hiki. Vichwa sita mfululizo ni 1/64, kweli ni nadra. Lakini vichwa vitano kisha mwenge ni 1/64 vilevile! Na vile vitano vimeshatoka, huvihesabu tena.

Sasa chukua karatasi, ujaribu sarafu mbili. Andika yote yanayoweza kutokea: KK, KM, MK, MM. Wengi hudhani kupata kichwa kimoja na mwenge mmoja ni 1/3, kumbe njia ni mbili kati ya nne, yaani nusu. Zoea kuorodhesha hivi kabla hujagusa fomula.

Usitegemee pia kurusha mara kumi upate tano kwa tano. Mara nyingi hupati. Mwanahisabati John Kerrich, akiwa kizuizini Denmark wakati wa Vita Kuu ya Pili, alirusha mara 10,000 akapata vichwa 5,067.

Ila kama swali limetokana na kubeti, shika breki. Ukianza na 1,000 na kuongeza maradufu kila ukiliwa, mara tano tu umepoteza 31,000, na ya sita inadai 32,000 ili upate faida ya buku moja. Ikiwa hela ya kodi imeshaguswa, zungumza na mshauri nasaha, si na wenzako wa mikeka.