Kamba Iliyoimba: Kwa Wanaoanza Michezo ya Nyimbo

Usiku wa kwanza wa mchezo wetu wa nyimbo tulipanga viti 300. Walikuja watu 41, na 17 kati yao walikuwa jamaa za waigizaji walioingia bure. Nilivihesabu vichwa nikiwa nyuma ya pazia, mara tatu, kana kwamba kuhesabu tena kungewazidisha. Nawaandikia ninyi mliojiunga na kikundi mwaka huu, na wenzenu mnaoanzisha vikundi Lamu, Kilifi na kwingineko, kwa sababu karibu kila anayeingia kazi hii huniletea wazo la mchezo wa nyimbo usiofanana na mwingine wowote. Mimi hufurahi sana. Kisha hushikwa na hofu yasije yakampata yaliyotupata sisi.

Mchezo wetu ulimhusu twiga. Kisa chenyewe ni cha hapa hapa Malindi: mwaka 1415, zama za safari za majahazi makubwa ya Zheng He, amiri wa Kichina, ujumbe wa Malindi ulimfikishia Kaizari Yongle wa Uchina twiga hai, na huko wakamwona ndiye qilin, mnyama wa heri wa masimulizi yao. Watoto wetu hupelekwa kwenye nguzo ya Vasco da Gama wakaambiwa habari za Mreno aliyetia nanga 1498. Habari za twiga aliyeondoka pwani hii hii miaka zaidi ya 80 kabla ya hapo hawaambiwi. Hilo liliniuma, na mpaka leo linaniuma.

Tukaupa mchezo umbo tulilolipenda. Twiga hasemi hata neno moja. Anayeimba ni kamba aliyofungwa shingoni, yaani msichana aliyevikwa katani toka kichwani hadi miguuni. Hadithi inaanzia Uchina, twiga akiwa mbele ya Kaizari, halafu inarudi nyuma onyesho kwa onyesho, bahari yote, mpaka ufukweni kwetu kabla hajafungwa. Tulikuwa na gambusi, ngoma za Kigiriama na kinanda. Kwenye bango tukaandika neno moja tu, kwa herufi kubwa: QILIN. Dereva wa tuktuk aliyenipeleka ukumbini aliniuliza kama ni kliniki mpya imefunguliwa. Nilimjibu kwa haraka nikashuka, wala sikulitia maanani swali lake. Lilikuwa onyo la kwanza.

Tulipoona viti vitupu tukasema lile ambalo kila kikundi kilichokosa watu husema: watu wa hapa hawana mazoea ya ukumbi, wanataka vichekesho tu. Naomba neno hilo lisitoke vinywani mwenu. Mtu wa Pwani ambaye hukesha arusini hadi saa tisa za usiku kwa ajili ya wimbo, ambaye hutoka Malindi akapanda mabasi mpaka Mokowe na boti mpaka Lamu kwa ajili ya maulidi, huyo huwezi kumwambia hajui kuketi akasikiliza. Anajua. Lililobaki ni kujiuliza kwetu hakuketi kwa nini.

Jibu nilipewa na mzee mmoja mvuvi, jirani yetu, aliyekuja usiku wa tatu, ambao ndio ulikuwa wa mwisho. Nilimkuta getini akitafuta viatu vyake.

“Shikamoo babu. Umeuonaje?”

“Marahaba mwanangu. Wameimba vizuri. Ila mimi sikujua kazi yangu ni ipi.”

Nililala na maneno hayo. Kabla pazia halijafunguka tulikuwa tumezima taa, tumewataka watu wanyamaze na wafunge simu, na mama mmoja aliyepiga kigelegele wimbo wa pili ulipomgusa, kijana wetu wa mlangoni akamwendea kumtuliza. Sasa fikirini hadhira ile imelelewa wapi. Kwenye taarab, ubeti ukimfika mtu huinuka, akaenda kwa madaha hadi kwa mwimbaji, akamtuza noti, na ukumbi mzima hutazama anayetuza anamtazama nani. Kwenye vugo wanawake huzigonga pembe za ng'ombe na kuitikia. Anayesikiliza tu huyo ni mpita njia. Kasida mara nyingi haisomwi na mtu mmoja, husomwa na safu, na walio nje ya safu huitikia. Hata ngano ya bibi haianzi mpaka aseme “Paukwa!” na wajukuu wajibu “Pakawa!” Kote huko hadhira ina kazi yake, na isipoifanya shughuli hupooza. Sisi tuliwaalika watu wa namna hiyo tukawafunga midomo.

Na hapa ndipo nilipobadili fikra kuhusu ugeni wa mchezo wenyewe. Nilidhani kamba inayoimba imewashinda watu. Haiwezekani. Waswahili ni watu wa mafumbo. Washairi wetu wa kale walifungiana mafumbo kwa nyimbo ngomani, mmoja akifumba na mwenzake akifumbua, na waliosikiliza walifurahia kutega na kuteguliwa. Jambo la ajabu halimtishi mtu aliyezoea mafumbo. Linalomchosha ni kutegewa fumbo halafu akanyimwa nafasi ya kulifumbua.

Nilipokuja kusoma habari za wengine niliona si sisi peke yetu. Mwaka 1973 huko London, The Rocky Horror Show, mchezo wa nyimbo wenye vioja ambavyo siwezi hata kuanza kuvieleza mbele ya wazee wangu, ulianza kwenye chumba cha juu cha ukumbi wa Royal Court chenye viti 63 tu, ukapendwa sana. Mwaka 1975 ukapelekwa Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maigizo huko New York, ukaonyeshwa mara 45 ukafungwa. Filamu yake iliyotoka mwaka huo huo nayo haikupata watu mwanzoni. Ilianza kupata watu wake mwaka 1976, ilipoonyeshwa usiku wa manane kwenye sinema moja ya New York na watazamaji wakaanza kuwajibu wahusika kwa sauti, na kurusha mchele penye arusi. Mchezo ulikuwa na ugeni ule ule tangu chumba cha viti 63. Kilichoongezeka ni kazi ya mtazamaji. Na karibu na kwetu zaidi, Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977, Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kigikuyu, iliwajaza wanakijiji kwenye uwanja wa wazi mpaka serikali ikaipiga marufuku. Mazoezi yalifanywa hadharani, na watu waliokuja kutazama waliwasahihisha waigizaji lugha na nyimbo. Siku ya kufunguliwa ilipofika, mchezo ulikuwa wao tayari.

Kwa hiyo jambo la kwanza tulilobadilisha ni mazoezi. Tuliyatoa kwenye chumba cha kukodi tukayapeleka uani kwa mwenzetu mmoja, mji wa kale, geti wazi. Wiki ya kwanza walikuja watoto. Ya pili mama zao wakaja kuwatafuta watoto. Ya tatu mama mmoja wa Kigiriama akatuambia wimbo wetu wa kuaga tunaupiga kwa mwendo wa furaha, akauchukua yeye akauimba inavyopasa, na tangu siku ile huimbwa alivyouimba yeye. Nawaambia ukweli, nilisikia uchungu kuambiwa hivyo mbele ya watu. Lakini alikuja siku ya kufungua na watu 11 nyuma yake.

La pili ni mwanzo wa mchezo. Dakika kumi za kwanza za mchezo wa ajabu ni kama mlango wa nyumba ya Kiswahili: kuna daka kwanza, mgeni akakaa, akapoa, ndipo akakaribishwa ndani. Sisi tulikuwa tumemtupa mgeni hadi chumba cha ndani kabisa, tena kwa mlango wa nyuma. Kurudisha hadithi kinyumenyume si kosa, lakini kuna gharama. Merrily We Roll Along, mchezo wa nyimbo wa mtunzi Mmarekani Stephen Sondheim, inayokwenda kinyume vile vile, ilifunguliwa Broadway Novemba 1981 ikaonyeshwa mara 16 tu. Watazamaji walichanganyikiwa hivi kwamba waigizaji walivalishwa fulana zilizoandikwa wahusika wao ni nani. Iliporudi Broadway mwaka 2023 ilijaza ukumbi, na mwaka 2024 ikapewa tuzo ya Tony ya mchezo uliofufuliwa. Miaka 42 ni mingi kungoja. Sisi tuliongeza msimulizi. Huingia kabla ya wimbo wowote, kamba mkononi, akapita nayo katikati ya watu waishike, akasema wazi: “Hii ndiyo itakayowaimbia. Tunaanza mwisho, tunarudi mwanzo. Kila ikifunguliwa fundo, tumerudi nyuma safari moja. Mafundo yahesabuni ninyi.” Basi. Hatukupunguza ajabu hata moja. Na watoto huhesabu kwa sauti, mpaka mwisho.

Jina la bango pia lilibadilika, likawa la Kiswahili, lenye neno twiga ndani yake. Hilo halihitaji maelezo.

Sasa pesa, maana wageni wengi huogopa kuuliza. Tulikuwa watu 28, waigizaji na wapigaji. Kila siku ya mazoezi chai, mahamri na nauli vilikula shilingi 150 kwa kila mmoja, yaani 4,200. Siku 30 za mazoezi, 126,000, kabla ya ukumbi, spika na katani. Tiketi ilikuwa 300. Vile viti 300 vingejaa vyote, usiku mmoja ungetuletea 90,000. Ona hapo: hata kwa kujaa, usiku mmoja haulipi mazoezi. Linganisha na tunapoigiza tamthilia za kutahiniwa shuleni: watu sita, mapambo ya kuingia kwenye buti la gari, wanafunzi 500 wakilipa 100 kila mmoja, asubuhi shule moja na alasiri nyingine. Wanafunzi wale wanakuja kwa sababu mtihani unawangoja. Mchezo wa twiga hakuna anayeungoja. Watu wake huja kwa kuambiwa na mtu aliyeuona, na maneno ya mtu huchukua siku kadhaa kutembea kutoka Shela hadi Maweni, mitaa ya hapa Malindi. Sisi tulikodi ukumbi mkubwa kwa siku tatu mfululizo. Yalipoanza kutembea, tulikuwa tumesharudisha ufunguo.

Ndiyo maana nikasema tuubakize ule ule ua. Watu 60, viti na mikeka, tiketi 200, wikendi nane. Uani watu 60 ni umati. Ukumbini watu 60 ni msiba. Na mchezo unaohitaji watu kuitikia hauwezi kuwapa viti vilivyoachana, kila mtu na upweke wake.

Saa nazo zichungeni. Mwanzoni tulianza saa moja na nusu za usiku, wakati ambapo Waislamu wanakwenda kuswali Isha na mtu wa Gede au Watamu ameanza kuwaza matatu ya mwisho. Sasa Jumamosi tunaanza baada ya Isha, kwa ajili ya watu wa mjini, na Jumapili baada ya Alasiri kwa wanaotoka mbali, ambao wengi wao wametoka kanisani asubuhi. Ramadhani hatuchezi. Wakati wa mvua za masika uani hapachezeki.

Mtashauriwa mtie vichekesho. Nilishauriwa na watu ninaowaheshimu, na mmoja alijitolea kabisa kumleta mchekeshaji anayejulikana. Nilikataa, na bado naona nilifanya sawa. Aliyekuja kumfuata mchekeshaji angekaa anangoja mchekeshaji arudi, na kamba ingeimba mbele ya watu wanaotazama saa. Hoteli moja nayo ilitaka dakika 20 za ngoma peke yake kwa ajili ya watalii. Hiyo tuliikubali mara mbili, kwa sababu kulikuwa na kodi ya kulipwa, na sikuona aibu. Ila msichanganye: watalii wale walilipia ngoma. Huwezi kuwahesabu kama watu wa mchezo wako ukajiambia umefanikiwa.

Wikendi mbili za kwanza uani hatukujaa. Tulikuwa na watu 30, mara 38. Onyesho la nne, Jumapili, msichana anayeimba kamba alifika ule ubeti ambamo kamba inamwomba twiga radhi kwa kumshika katika mawimbi, wakati yenyewe pia imesokotwa bila ridhaa yake. Mama mmoja wa makamo, leso mbili, akainuka mkekani. Kijana wetu wa mlangoni akanitazama. Nikamtikisia kichwa asisogee. Mama akaja taratibu kwa mwendo wa gambusi, akazunguka mara moja, akaitoa noti ya shilingi mia kwenye pindo la leso, akaipitisha ndani ya fundo moja la ile katani, kifuani. Ua mzima ukalia vigelegele. Msichana sauti ilimtetemeka lakini hakuiacha. Kisha akainuka mwingine, na mwingine nyuma yake, na yule babu mvuvi, aliyekuwa amekaa mbele kabisa safari hii, akawa anapiga makofi ya kuwaongoza wapigaji.

Twiga alipofunguliwa kamba ufukweni, noti zilianguka pamoja nayo mchangani, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeinama kuokota. Tangu hapo mafundo tunayafunga kwa kulegeza kidogo, noti ipate pa kupita.